Jina la Karatasi na Jina la Kaburini

Ndugu msomaji, leo nataka tulizungumze jambo ambalo kwa juu laonekana dogo, na ndani yake mna mambo mazito. Jambo lenyewe ni jina la mtu. Sikusudii jina zuri na jina baya, kwani hayo yamekwisha kuandikwa sana. Ninalokusudia ni hili: mtu amezaliwa, amelelewa na ameitwa kwa jina la ukoo, na wanawe pia waitwa kwa jina hilo hilo. Kisha siku moja, katika kuchungua khabari za wazee wake, agundua kuwa jina lile lilinunuliwa. Babu yake hakuwa mwana wa yule aliyeandikwa kuwa ni baba yake. Je, mtu huyo afanye nini? Alitupe jina alilozaliwa nalo? Aifichue siri ambayo babu yake aliifunga kifuani mpaka akafa nayo? Au anyamaze, na yaliyopita yawe yamepita?

Swali hili si la kubuni. Ni swali la watu wengi wenye asili ya Kichina walioko Marekani, na ndugu za swali hilo wako Kanada, Ufilipino, Indonesia, na hata katika visiwa vya bahari yetu hii ya Hindi.

Labda utaniuliza: "Yatuhusu nini sisi mambo ya Wachina?" Nami nakujibu kuwa yatuhusu kwa njia mbili. Ya kwanza, sisi ni watu tuliofundishwa kuihifadhi nasaba, na mwenye kutaka kujua thamani ya kitu na amtazame aliyekipoteza. Ya pili, watu hawa si wageni kwetu kama tudhanivyo. Jemadari Zheng He, ambaye majahazi yake yalifika Mogadishu, Barawa na Malindi mwanzoni mwa karne ya 15, alizaliwa mwaka 1371 katika nyumba ya Kiislamu huko Yunnan. Ukoo wake ulikuwa Ma, jina wanalolitumia Waislamu wengi wa Uchina na linalotajwa kuwa ni kifupi cha jina la Muhammad. Baba yake na babu yake wote wawili waliitwa Haji. Hilo jina la Zheng alipewa na mfalme mwaka 1404. Basi hata huyu aliyetufikia pwani yetu, jina tulijualo silo alilopewa na baba yake. Na Pate na Siyu wako jamaa mpaka leo wanaosimulia kuwa damu yao imechanganyika na ya mabaharia wa Kichina ambao chombo chao kilivunjika.

WACHINA NA MAJINA YAO

Kwa Wachina jina la ukoo hutangulia, na jina la mtu hufuata. Tusemapo Mao Zedong, Mao ndio ukoo, na Zedong ndiye mtu. Na ndani ya hilo Zedong mna siri nyingine. Nduguze wawili waliitwa Zemin na Zetan. Lile "Ze" lililomo katika majina yote matatu ni alama ya kizazi chao. Koo nyingi za Kichina zilikuwa na shairi fupi lililotungwa na wazee wa zamani, na kila neno la shairi hilo likawa ni fungu la kizazi kimoja. Kizazi cha kwanza huchukua neno la kwanza, wana wao la pili, wajukuu la tatu, mpaka mwisho. Hivyo Wachina wawili wa ukoo mmoja wakikutana ugenini, hata kama hawajapata kuonana, huweza kujua yupi ni wa safu ya baba na yupi ni wa safu ya mwana, na mwenye umri mkubwa akajikuta ni mtoto kwa mwenye umri mdogo, kama itokeavyo kwetu sisi kwa baba wadogo.

Majina hayo huandikwa katika kitabu cha ukoo, nao wakiita zupu. Mfano mkubwa ni kitabu cha ukoo wa Kong, ambao ndio ukoo wa yule mwalimu wao mkuu Confucius. Kilipopigwa chapa upya mwaka 2009 kilikusanya watu zaidi ya milioni mbili, walio hai na waliokufa. Na katika chapa hiyo wanawake nao waliingizwa, jambo ambalo halikuwa ada. Zamani binti mara nyingi alikuwa haandikwi, na mke aliandikwa kwa jina la ukoo alikotoka tu, bila ya jina lake mwenyewe. Twaona hapa kuwa Mchina wa asili, kama sisi, hamwondolei mwanamke ukoo wa baba yake kwa kuolewa. Lakini kitabu chake kilimfanya mama wa watu awe kivuli kisicho na jina.

Tazama pia walivyohitilafiana nasi katika adabu. Sisi mtoto humpa jina la babu yake, na babu akafurahi kuwa jina lake halikuzikwa. Kwa Wachina wa kale hilo ni utovu wa adabu. Jina la mzee halitamkwi ovyo, sembuse kupewa mtoto mchanga wa kukemewa uani. Heshima ni moja, njia ndizo mbili. Tena mtu mmoja aliweza kuwa na majina kadha: jina la uchangani, jina la chuoni, na jina alilolichukua alipooa. Mwenye kutafuta khabari za babu yake asipoyajua hayo, mtu mmoja atamwona watatu.

JINA LINAPOVUKA BAHARI

Wachina walipotawanyika ulimwenguni, majina yao yalipatwa na misukosuko ya namna nyingi. Kwanza ni misukosuko ya ulimi. Herufi ya Kichina ni moja, lakini kila jimbo lina matamshi yake. Ukoo ule ule mmoja huitwa Chen kwa lugha ya Beijing, Chan kwa lugha ya Canton, Tan kwa lugha ya Fujian, na Vietnam ukawa Tran. Na kinyume chake, jina Ng kwa mtu wa Canton ni ukoo ambao Beijing huitwa Wu, na kwa mtu wa Teochew ni ukoo ambao Beijing huitwa Huang. Basi Chan na Tan waweza kuwa ndugu, na Ng na Ng wakawa si lolote si chochote.

Pili ni misukosuko ya karani. Wachina wa kusini wana neno "Ah" ambalo huliweka mbele ya jina la mtu wanapomwita kwa mazoea. Si sehemu ya jina. Karani wa bandarini alimwuliza mtu jina, akasikia "Ah" na kitu nyuma yake, akakiandika chote kuwa ndio ukoo. Morisi alikuwako waziri, Jean Moilin Ah-Chuen, ambaye sura yake imo katika noti yao ya rupia 25. Ukoo wake wa Kichina ni Zhu. Hilo Ah-Chuen ni jina la mtu lililogeuzwa likawa la ukoo. Ufilipino nako, rais Corazon Aquino alitoka katika ukoo wa Cojuangco. Mzee wao aliyetoka Fujian alikuwa wa ukoo wa Co, na ile "co" ya mwisho si ukoo, ni neno la heshima kwa kaka mkubwa. Ni kama mtu kwetu aitwe Kaka Yusufu, kisha wajukuu zake wote waandikwe katika pasi za safari kwa ukoo wa "Kakayusufu". Mwaka 1988, alipokuwa rais, bibi huyo alikwenda mpaka kijiji cha mzee wake huko Fujian.

Tatu ni misukosuko ya serikali. Thailand ilipotoa sheria ya majina ya ukoo mwaka 1913, Wachina wa huko pole pole wakajitungia majina marefu ya Kithai. Indonesia ilipotoa amri ya mwaka 1966 ya kurahisisha mabadiliko ya majina, katika siku ambazo kuwa Mchina kulikuwa na khofu, watu wa ukoo wa Lim wakawa Salim au Halim. Angalia vizuri, ndugu msomaji: ndani ya Salim na Halim yasikika Lim. Walilificha jina la baba ndani ya jina la kupewa, kama mtu afichaye pete kwenye pindo la nguo.

Katika yote haya matatu sioni lawama juu ya waliopatwa. Jina lilikunjwa, lilifinyangwa, lakini baba hakubadilishwa. Mwana wa Lim aliyeitwa Salim alibaki kuwa ni mwana wa Lim. Jambo la nne ndilo lililo gumu, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

WANA WA KARATASI

Mwaka 1882 Marekani ilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie. Wafanya biashara, wanafunzi na wachache wengineo waliruhusiwa. Masikini mwenye mikono yake miwili alifungiwa mlango. Lakini sheria zao wenyewe zilikuwa zasema kuwa aliyezaliwa Marekani ni raia, na mahakama yao kuu ililithibitisha hilo mwaka 1898 katika kesi ya Wong Kim Ark, aliyezaliwa San Francisco. Na mtoto wa raia, hata akizaliwa Uchina, alikuwa na haki ya kuingia.

Kisha tarehe 18 Aprili 1906 mji wa San Francisco ulipigwa na tetemeko la ardhi, na moto uliofuata ukateketeza daftari za vizazi. Hapo Wachina wengi wakadai kuwa walizaliwa mjini humo, na hapakuwa na karatasi ya kuwakanusha. Mtu wa namna hiyo akienda kwao kuzuru na kurudi, huandikisha kuwa amezaa mwana. Pengine hakuzaa, au amezaa binti. Ile nafasi ya mwana huyo asiyekuwako ikawa ni bidhaa. Kijana wa ukoo mwingine huinunua, akachukua jina la mtu asiyemjua kuwa ndilo la baba yake, akasafiri. Hao ndio walioitwa wana wa karatasi.

Serikali nayo haikuwa imelala. Kuanzia mwaka 1910 mpaka 1940, waliofika San Francisco waliwekwa katika kisiwa cha Angel Island wakahojiwa. Wengine siku chache, wengine wiki, wengine miezi. Nyumba yenu ina ngazi ngapi? Kisima kiko upande gani? Nyumba ya tatu katika safu ya pili yakaa nani? Pipa la mchele mwaliweka wapi? Kisha baba wa karatasi huulizwa maswali hayo hayo, na majibu yasipolingana kijana hurudishwa. Kwa hivyo vijana walipewa vitabu vya kuhifadhi khabari za nyumba isiyo yao. Wakivisoma melini kama wanafunzi wasomavyo chuoni, kisha wakavitupa baharini kabla ya kufika.

Sheria ile iliondolewa mwaka 1943, lakini nafasi zilizotolewa kwa Wachina zilikuwa 105 tu kwa mwaka. Mpaka mwaka 1965 ndipo mlango ulipofunguliwa kwa usawa na watu wengine.

Sasa tupime. Je, wale walifanya kosa? Dhulma ya kwanza na kubwa ni ya sheria iliyomhukumu mtu kwa rangi yake kabla hajatenda lolote. Hilo lisemwe wazi. Wengi walikimbia njaa na vita, na wanavyuoni wetu wana kanuni mashuhuri kuwa dharura huyahalalisha yaliyozuiliwa. Lakini kanuni hiyo ina mwenzake, kuwa dharura hupimwa kwa kadiri yake. Wala si wote waliokuwa na dharura. Wako waliotafuta mshahara mnono tu, na wako waliouza nafasi kwa faida kubwa kwa jamaa zao wenyewe. Dhulma ya mtawala haimtakasi kila mtu aliyoikwepa. Mungu ndiye ajuaye nia zao.

Ninachokitazama mimi ni lile walilolifanya baada ya kuingia. Mbele ya serikali walikuwa ni watu wa karatasi, lakini baina yao walijuana kwa majina ya kweli. Na mtu alipokufa, jiwe la kaburi lake mara nyingi liliandikwa majina mawili: kwa herufi za Kizungu jina la karatasi, na kwa herufi za Kichina jina la kweli, na kijiji alichotoka. Uongo wao ulikuwa kwa yule aliyewafungia mlango. Hawakutaka uwafuate mpaka kaburini.

Tena lilikuwako jambo jingine la kuwafanya wasilisahau jina la kweli, nalo ni ndoa. Ada ya Wachina hukataza watu wa ukoo mmoja kuoana, hata wakiwa mbali kwa vizazi. Fikiri basi: kijana kwa karatasi ni wa ukoo wa Wong, na kwa kweli ni wa ukoo wa Lee, apeleka posa kwa binti wa Lee. Karatasi yasema ni halali, damu yasema ni ndugu. Asipokuwako mzee ajuaye, nani atawazuia? Hapa ndipo tuonapo kwa nini sharia yetu imeishikilia nasaba. Si kwa fakhari. Ni kwa sababu juu ya nasaba yasimama mambo ya nani maharimu wa nani, na nani mrithi wa nani. Anayelifuta jina la baba hafuti sauti tu, afuta haki za watu.

MFANO WA ZAYD

Wajua, ndugu msomaji, kisa cha Zayd bin Haritha. Mtume (S.A.W.) alimpenda, akamfanya mwana, na watu wakawa wakimwita mwana wa Muhammad. Hapana katika ulimwengu jina la baba lililo tukufu zaidi ya hilo. Juu ya hivyo, iliposhuka amri iliyomo katika Sura ya Ahzab kwamba watoto wa kulea waitwe kwa baba zao, Zayd alirudishwa kwa Haritha. Mapenzi hayakupungua, cheo chake hakikupungua. Kilichorudi ni ukweli. Basi ikiwa jina la Mtume halikuruhusiwa kuchukua mahali pa jina la baba, litaruhusiwa jina lililonunuliwa kwa dola?

Lakini tazama na rehema iliyomo katika amri hiyo hiyo. Imefundisha kuwa wale ambao baba zao hawajulikani ni ndugu zetu katika dini na marafiki zetu. Hawakuambiwa wabuni baba, wala hawakutiwa aibu kwa kutomjua. Mambo haya mawili, ukweli kwa anayejua na sitara kwa asiyejua, ndiyo nitakayoyatumia kupima yaliyobakia.

UKWELI ULIOWACHOMA WENGINE

Mwaka 1956 serikali ya Marekani ilianzisha mpango wa kuwataka Wachina waungame. Mtu aje aseme jina lake la kweli, naye pengine atapewa karatasi halali. Kwa sikio lako na langu hili ni jambo jema: toba, na kurudi katika ukweli. Lakini sharti yake ilikuwa mtu asijiseme peke yake. Ataje na baba wa karatasi, na ndugu wa karatasi, na wana wao. Mpaka mpango ulipokwisha mwaka 1965, walioungama walikuwa zaidi ya 13,000, na waliotajwa na kufichuka kwa sababu yao walizidi 22,000. Ungamo la mmoja liliwafungua watu wa nyumba nzima, na wako waliotiwa katika khatari ya kufukuzwa nchini. Nyumba ziligawanyika: kaka alirudi katika jina la kweli, mdogo wake akabaki na la karatasi, na watoto wa mzee mmoja wakawa na koo mbili.

Wasemaje kuhusu jambo hilo? Wengine watasema ukweli ni ukweli, na uongo hauna haki ya kulindwa. Mimi sioni hivyo. Mtu ana ruhusa ya kuivua siri yake mwenyewe; hana ruhusa ya kuivua nguo ya jirani yake sokoni kwa sababu yeye ametaka kuoga. Toba ya kweli humwondolea mja mzigo wake. Haichukui mzigo ikautwika kichwani pa mwingine. Na serikali iliyoifunga njia ya halali kwa miaka sitini, kisha ikaweka ukweli kuwa ni mtego, haikuwa ikiutafuta ukweli kwa ajili ya ukweli.

Hata hivyo, siwaambii wale walionyamaza kwamba wako salama. Mwenye kunyamaza mbele ya mtawala, na nyumbani akawaambia wanawe, "Sisi ukoo wetu ni Lee, kijiji chetu ni fulani," huyo amelipa deni lake. Lakini wako walionyamaza nyumbani pia, kwa khofu ya kuwa mtoto ataropoka shuleni. Khofu ilipokwisha, ulimi ulikuwa umekwisha kuzoea kufungwa. Wakafa, na wajukuu wakaachiwa jina lisilo na mlango. Hao nawaonea huruma, wala sioni udhuru wao ulidumu mpaka mwisho. Hatari ilipoondoka, haki ya mtoto kumjua babu yake ilibaki pale pale, inangojea.

ADABU YA MWENYE KUTAFUTA

Leo wajukuu na vitukuu wa watu hao wanatafuta, na kutafuta kuna adabu zake.

Ya kwanza, waanze kwa wazee walio hai, kabla ya makaratasi. Karatasi yaweza kungoja, mzee hangoji. Lakini waulize kwa upole. Bibi aliyeishi miaka khamsini na siri ya mumewe asikalishwe kitini na mjukuu wake akahojiwa kama walivyohojiwa Angel Island. Akisema leo neno moja, mshukuru. Kesho huenda akasema la pili.

Ya pili, waende makaburini, wakayasome yale maandishi ya Kichina, kwani jiwe mara nyingi limesema ambalo babu hakulisema. Wengi wa Wachina wa kwanza wa Marekani walitoka sehemu moja ndogo ya Guangdong, khasa wilaya ya Taishan, na anayekijua kijiji ameushika ufunguo.

Ya tatu, wazitumie daftari kwa tahadhari. Majalada ya mahojiano yamewekwa katika nyumba ya kumbukumbu za taifa huko San Bruno, California. Kanada nayo, ambayo mwaka 1885 iliwatoza Wachina kodi ya kichwa ya dola 50 na kufikia mwaka 1903 ikawa dola 500, iliwaandika mmoja mmoja, na daftari zile leo zasomwa na wajukuu wao. Ajabu ya Mungu! Kilichoandikwa ili kuwazuia babu ndicho kinachowarudisha wajukuu. Lakini jalada la mwana wa karatasi ni kitabu cha uongo kilichohifadhiwa vizuri. Humo mna baba asiye baba na nyumba isiyo nyumba. Asomaye asidhani kila kilichopigwa muhuri ni kweli.

Ya nne, wasikate tamaa kwa vitabu vya koo vilivyochomwa. Katika misukosuko ya Uchina ya mwaka 1966 hadi 1976 vitabu vingi vya nasaba viliteketezwa. Lakini vingine vilikuwa vimekwisha kuvuka bahari na wasafiri, na kijiji kilichopoteza kitabu chake kikakipata kwa mwana wake aliye ugenini.

Ya tano, nayo ndiyo nzito kuliko zote: si kila kilichopatikana hutangazwa. Siku hizi mtu hutema mate katika kichupa, akayatuma maabara, akajibiwa kuwa fulani ni ndugu yake na fulani siye. Siri ambayo ukoo mzima uliilinda hufunguliwa na kijana mmoja kwa udadisi wa jioni moja. Kama jambo lamhusu aliye hai, kwanza zungumza naye. Lazima kuwajulisha wale ambao haki yao yategemea khabari hiyo, kama vile ndoa na urithi. Kuwajulisha wasiohusika ni fitina.

Na je, jina lenyewe libadilishwe? Nionavyo mimi, tutenganishe nasaba na karatasi. Nasaba ni wajibu ijulikane, iandikwe, na mtoto afundishwe bila ya kufichwa. Karatasi ina mlango wake: anayeweza kuirekebisha bila ya kumdhuru mtu, na airekebishe, na yule ambaye mabadiliko yatamharibia haki zake au za mwenzake, na aiache, maadamu nyumbani kwake hapana mtoto anayefundishwa baba wa uongo. Hii si fatwa, ni rai ya mwalimu, na walio na elimu zaidi wasahihishe.

JINA LISILO NA KITU NDANI YAKE

Yuko atakayesema, "Basi aliyelihifadhi jina amehifadhi kila kitu." Hapana. Huko Quanzhou, katika Fujian, uko ukoo wa Ding, ambao kitabu chao chawanasibisha na Sayyid Ajall Shams al-Din, aliyekuwa gavana wa Yunnan katika karne ya 13. Na hilo Ding lenyewe latajwa kuwa limetokana na "al-Din". Katika mji huo huo uko pia ukoo wa Guo wenye asili ya Kiislamu. Baadhi ya watu wa koo hizi walihamia Taiwan. Huko karne zilipita, Uislamu ukawatoka, wakala nyama ya nguruwe kama majirani zao. Lakini wanapowakumbuka wazee wao waliokufa, katika chakula wanachowawekea hawatii nguruwe, kwa kuwa wajua kuwa wazee hao hawakuwa wakimla. Walijua wazee waliacha nini, wakasahau waliacha kwa nini.

Jina wanalo, kitabu wanacho, na kile ambacho babu yao alikuwa tayari kufa kwa ajili yake wamekikosa. Nasaba ni chombo. Ukikirithi chombo ukamwaga kilichokuwamo, usijisifu kwa chombo.

NA SISI JE?

Ndugu msomaji, tusiwatazame Wachina tukajisahau. Pwani yetu pia imejua majina ya karatasi. Serikali za kikoloni zilipowagawa watu kwa makabila, wengine wakapewa haki na wengine wakanyimwa, wako walioona ni kheri kuandikwa kwa ukoo wa mbali kuliko wa mama zao. Wale Wachina walijificha kwa kufungiwa mlango. Baadhi yetu walijipamba kwa kutafuta ukubwa. Mwacha asili ni mtumwa, walisema wazee, na sioni tofauti kama ameiacha kwa njaa au kwa kiburi, ila kwamba mwenye njaa ana udhuru zaidi.

Na leo wana wetu wako London, Toronto na Dubai. Sisi hatuna ada ya jina la ukoo kama ya Wazungu. Mtu ni fulani bin fulani bin fulani. Karani wa huko hulikata jina la tatu akalifanya ukoo, na ndugu wawili wa baba mmoja wakaweza kuandikwa kwa koo mbili. Mtoto aliyezaliwa huko humjua babu wa babu yake kama neno lililomo katika pasi ya safari tu. Miaka khamsini ijayo, huyo naye atakuwa akizunguka makaburini na daftarini, akiuliza yeye ni nani.

Basi usingoje. Chukua daftari leo, uandike jina la baba yako na la mama yako, la babu zako wote wawili na la bibi zako wote wawili kwa majina yao kamili, wala usiwafanye mama zetu kuwa vivuli. Andika mtaa, mji, na kaburi liliko. Andika kweli, hata kama mna mtumwa, hata kama mna mgeni asiyejulikana alikotoka, hata kama mna jambo ambalo wazee waliliinamia. Lililo la siri ya mtu aliye hai, lifunge; lililo haki ya mtoto, mpe. Mungu hakutuumba mataifa na makabila ili tufichane wala tujifakhirishe, bali tujuane. Na hawezi kujuana na watu yule ambaye nyumbani kwake hajajijua.

Wallahu aalam.